Kuigeuza riwaya ya uzee na kumbukumbu kuwa filamu: mwongozo kwa watengenezaji wa Tanga

Riwaya inayosimuliwa na mzee anayekumbuka maisha yake huonekana nyepesi kwa mtu anayetaka kuitengenezea filamu, kwa sababu mhusika mkuu ni mmoja, mara nyingi ameketi mahali pamoja, na gharama ya kumpiga picha mtu aliyeketi barazani ni ndogo. Ugumu wake hujitokeza wakati wa kuandika. Kitabuni mzee hukumbuka kwa sentensi, na sentensi moja inaweza kubeba utoto, ndoa, msiba na majuto ya miaka arobaini bila msomaji kupotea. Kamera haina sentensi ya namna hiyo. Huonesha kilichopo mbele yake, na kila inachokionesha mtazamaji hukipokea kuwa ndicho kilichotokea kweli. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi wa skripti na mwongozaji ni kumfanya mtazamaji aione kumbukumbu kama kumbukumbu, yaani jambo linalomjia mtu bila kuitwa, linalobadilika kila likirudi, na ambalo pengine halikutokea hivyo. Nimeandika nikiwafikiria zaidi vijana wa Tanga wanaotengeneza filamu kwa kamera za kawaida na fedha za kuchangishana, kwa sababu naamini mji huu una wazee, sauti na vitu vya kutosha kwa filamu ya aina hii.

Haki ya kitabu

Kabla ya kuandika hata sini moja, hakikisha unaruhusiwa kuitumia riwaya uliyoichagua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya fasihi kwa muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ofisi ya kuuliza ni COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, alifariki mwaka 1962, hivyo kwa hesabu ya miaka 50 muda wa kazi zake umepita. Hata hivyo nchi nyingi za Ulaya huhesabu miaka 70, na filamu inayokusudiwa kupelekwa kwenye matamasha ya huko inapaswa kupigiwa hesabu hiyo mapema. Marcel Proust, ambaye riwaya yake ndefu ya kuutafuta wakati uliopotea ilichapishwa kwa juzuu saba kati ya mwaka 1913 na 1927, alifariki mwaka 1922, na matini yake ya Kifaransa iko huru. Tafsiri ni jambo jingine, kwa kuwa mfasiri naye ana haki yake, na anayenakili mazungumzo kutoka katika tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya karibuni anachukua mali ya mtu. Kwa mwandishi aliye hai, kama Kazuo Ishiguro wa Uingereza, andika barua kwa mchapishaji wake na usubiri jibu la maandishi. Hata pale sheria isipokulazimisha, kwenda kuwaona jamaa wa mwandishi aliyefariki na kuwaeleza unachokusudia ni adabu ambayo watu wa Tanga wanaithamini, na mara nyingi ndiyo njia ya kupata picha za zamani, barua na masimulizi ambayo hayamo kitabuni.

Kuisoma riwaya kwa jicho la skripti

Isome mara ya kwanza kama msomaji wa kawaida. Mara ya pili isome ukiwa na kalamu za rangi tatu: moja ya kupigia mstari mambo yanayotokea sasa, ya pili kwa yanayokumbukwa, na ya tatu kwa maelezo na tafakuri za msimulizi. Ukimaliza utaona kuwa rangi ya mambo ya sasa ni chache mno. Katika riwaya ya Ishiguro ya mwaka 1989, The Remains of the Day, mambo ya sasa ni safari ya gari ya siku chache tu, mwezi Julai mwaka 1956, ya mtumishi mkuu wa jumba moja la Kiingereza aitwaye Stevens. Mengine yote, yaani vikao vya mabwana waliokaribiana na Wajerumani kabla ya vita, kifo cha baba yake katika jumba lilelile, na mapenzi ambayo hakupata kuyatamka, humjia akiwa njiani. Safari hiyo nyembamba ndiyo inayobeba kitabu kizima, kama waya wa kuanikia singa za mkonge unavyobeba mzigo mzito kuliko wenyewe. Ukiuondoa ili upate nafasi ya matukio makubwa ya zamani, utabaki na rundo la visa visivyoshikamana. Jambo la kwanza la kuandika katika skripti, basi, ni hadithi ya sasa yenye mwanzo na mwisho wake: mzee anakwenda wapi, anamsubiri nani, anatafuta nini kabatini, na kitu gani kitakuwa kimebadilika jua likizama.

Baada ya hapo amua utachukua sehemu ipi ya kitabu. Harold Pinter, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, aliandika mwaka 1972 skripti iliyokusudia kubeba riwaya nzima ya Proust, nayo haikupata kutengenezwa kuwa filamu, ikaishia kuchapishwa kama kitabu mwaka 1977. Raúl Ruiz, mwongozaji mzaliwa wa Chile, alikamilisha filamu yake Le Temps retrouvé mwaka 1999 kwa kushika zaidi juzuu ya mwisho, akaanzia kitandani kwa mwandishi mgonjwa anayetamka maneno yake yaandikwe na kuangalia picha za watu aliowajua, kisha akaziacha picha hizo zimwite kila mhusika aingie. Kwa mwenye bajeti ndogo nadhani njia ya Ruiz ndiyo ya kufuata: ichukue sehemu ambayo mzee yuko karibu kabisa na mwisho wake, na uruhusu sura za mwanzo ziingie kwa vipande pale zinapohitajika.

Usiogope kuunganisha wahusika. Katika riwaya ya Ishiguro kuna Mmarekani anayehudhuria mkutano wa zamani jumbani na Mmarekani mwingine anayelinunua jumba hilo baadaye. Filamu ya mwaka 1993, iliyoongozwa na James Ivory kwa skripti ya Ruth Prawer Jhabvala, iliwafanya kuwa mtu mmoja. Faida yake ni kwamba mtazamaji hupata sura moja iliyokuwepo zamani na ikaendelea kuwepo, hivyo umri unaonekana bila mtu yeyote kutaja mwaka. Swali la kujiuliza kwa kila mhusika mdogo ni hili: je, anaweza kurudi akiwa mzee, mbele ya kamera ileile? Akiweza, mpe nafasi. Asipoweza, huenda kazi yake inaweza kufanywa na mwingine.

Kumbukumbu iingie kupitia kitu

Tabia iliyozoeleka katika filamu zetu ni mzee kutazama mbali, muziki wa kinanda kuanza, picha kufifia, kisha mambo ya zamani kuonekana yakiwa ya rangi ya njano au nyeusi na nyeupe. Naomba tuiache. Humwambia mtazamaji kuwa mzee ameamua kukumbuka, kana kwamba amefungua droo, ilhali waandishi waliolichunguza jambo hili kwa undani wanaonesha kuwa kumbukumbu zenye nguvu ndizo ambazo mtu hakuziita. Kila mtu anaitaja keki iliyochovywa kwenye chai, ambayo ladha yake inamrudisha msimulizi utotoni, katika juzuu ya kwanza ya Proust, lakini kwa mtengenezaji filamu sehemu yenye manufaa zaidi iko juzuu ya mwisho, pale msimulizi anapokanyaga mawe yasiyolingana uani akarudishwa Venice, kisha akasikia kijiko kikigonga sahani, na mlio huo ukamletea nyundo ya fundi wa reli aliyekuwa akigonga gurudumu la treni. Ladha na harufu hazipigwi picha. Mlio unarekodiwa, na mguu unaoteleza unaonekana.

Hebu tuuchukue mlio huo tuulete Tanga, mji ambao ujenzi wa reli ulianza mwaka 1893. Tuseme mhusika wako ni mzee aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, na sasa anaishi Ngamiani kwa binti yake. Muuza kahawa anapita jioni akigonganisha vikombe vyake. Katika skripti usiandike kwamba mzee anakumbuka. Andika kwamba vikombe vinagongana mara mbili, mzee anaacha kuzungumza katikati ya neno, vikombe vinagongana tena, na mgongano wa tatu unasikika mzito zaidi kuliko vikombe vya udongo vinavyoweza kutoa. Mtazamaji bado anauona uso wa mzee, bado yuko barazani, lakini sikio lake limeshafika karakana ya reli. Ndipo ukate kwenda kwenye nyundo. Au usikate kabisa, umwache mzee amalizie neno lake, na nyundo uioneshe dakika ishirini baadaye, mtazamaji atakapoitambua mwenyewe bila kuambiwa. Njia hii ya pili inahitaji ujasiri, na kwa maoni yangu ndiyo bora.

Kazi ya namna hiyo hufanywa na sauti zaidi ya kamera, kwa hiyo fedha kidogo ulizonazo ziweke kwenye maikrofoni nzuri kabla ya lenzi nzuri. Nenda ukarekodi sauti halisi za mkoa: mashine ya korona inayosaga majani ya mkonge, singa zinazotikiswa na upepo zikiwa zimeanikwa, ngalawa ikivutwa juu ya mchanga, adhana ikipishana kutoka misikiti miwili iliyo karibu. Muziki utumie kwa uchache. Tanga ndiyo iliyotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na ni rahisi kuujaza uzee wote wa mhusika kwa nyimbo za wakati huo. Wimbo mmoja, unaosikika nusu kutoka nyumba ya jirani na kukatizwa na umeme unapokatika, utafanya kazi kubwa kuliko nyimbo sita zinazochezwa hadi mwisho. Nao pia una mwenyewe, kwa hiyo uombewe kibali.

Vitu vya kushikwa mkononi vitafutwe kwa bidii ileile. Kwa karani wetu kitu hicho ni kipande, ile kadi ya kazi ambayo manamba, yaani kibarua wa shamba, aliwekewa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, hadi zitimie siku 30 ndipo alipwe. Kadi ya namna hiyo, ikiwa imekunjwa na kuingizwa katika msahafu au ndani ya kopo la biskuti, inabeba historia ya shamba zima bila mhusika kuhutubia. Ukiitengeneza ya kuigiza, iache ichakae kweli: ikae mfukoni mwa shati la mtu kwa muda, ishike jasho, ipasuke kwenye mikunjo. Kuipaka majani ya chai peke yake haitoshi, kwa sababu kamera ikiwa karibu huonesha kuwa uchakavu umeanzia pasipostahili.

Kumbukumbu inayokosea

Hapa ndipo riwaya za uzee zinapotajirika na ndipo filamu nyingi zinapozidhulumu. Katika riwaya ya Ishiguro, Stevens anamkumbuka msimamizi wa jumba, Miss Kenton, akilia nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanzoni anadhani ilikuwa siku Miss Kenton alipopata habari ya kifo cha shangazi yake. Kurasa nyingi baadaye anajirekebisha na kusema kuwa huenda ulikuwa usiku ule alipokubali kuolewa na mwingine. Kosa hilo dogo la tarehe ndilo linalofichua yote, kwa kuwa msomaji anatambua kuwa mzee huyu alikuwa akijificha asiijue sababu ya machozi. Filamu ilichagua kutuingiza chumbani: Stevens anaufungua mlango, anamwona akilia, na badala ya kumfariji anamzungumzia habari ya vumbi. Ni tukio linaloumiza, na waigizaji Anthony Hopkins na Emma Thompson wanalibeba kwa ustadi mkubwa, lakini shaka ya kitabu imeondoka, kwa kuwa tumeona kwa macho yetu.

Ukitaka shaka ibaki, lipige tukio hilohilo mara mbili au tatu na ulibadilishe bila kutangaza. Turudi kwa karani. Mjane wa mkata mkonge alikuja usiku kudai kipande cha marehemu mumewe ili alipwe siku zake. Mara ya kwanza tukio linapomjia mzee, anamwona yule mama akiwa mlangoni, taa ya chemli inawaka mezani, na yeye karani anaivuta droo na kumkabidhi kadi. Mara ya pili, katikati ya filamu, taa iko upande mwingine wa chumba, mama amebeba mtoto ambaye mara ya kwanza hakuwepo, na mkono wa karani umeishika droo lakini picha inakatika kabla haijafunguliwa. Mara ya tatu droo haifunguliwi. Hakuna msimulizi anayesema kuwa alidanganya wala hakuna mjukuu anayemuuliza. Mtazamaji anakumbuka alichoonyeshwa, anakilinganisha na anachokiona, na anafanya kazi ileile anayoifanya mzee. Jambo la kulinda ni kwamba kila toleo lipigwe kwa uzito uleule, kwa mwanga safi, bila ukungu wala rangi ya kuashiria ndoto, maana ukilitia alama moja kuwa la uongo umekwisha kumjibia mtazamaji. Msimamizi wa mfululizo wa picha aandike kwenye daftari kila kilichobadilishwa kwa makusudi, vinginevyo mhariri atadhani ni makosa na kuyafuta.

Tatizo jingine la aina hii ni mambo ya mazoea. Kitabu kinaweza kusema kwamba kila Ijumaa kwa miaka ishirini mtu alikuwa akipita njia ileile kwenda msikitini, na maneno hayo yakatosha. Kamera huonesha Ijumaa moja. Piga shoti tatu fupi za mlango uleule, katika moja kanzu ni mpya na hatua ni za haraka, katika nyingine kanzu imefifia, katika ya mwisho mkono unaugusa ukuta kabla mguu haujashuka kizingitini. Sekunde kumi zinatosha.

Wazee wenyewe

Usimpake kijana unga kichwani na kumpa mkongojo. Ruiz alitumia waigizaji tofauti kwa umri tofauti wa msimulizi wake, na ndiyo njia ya heshima zaidi kwa mtazamaji, kwa sababu uzee haumo katika mvi pekee. Umo katika namna mtu anavyokiangalia kiti kabla ya kukikalia. Tanga si mgeni wa waigizaji wazee. Marehemu Amri Athumani, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto na aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mtu wa mji huu, na alibeba filamu akiwa na umri mkubwa. Yeye aliegemea uchekeshaji, lakini wazee waliokuwa wakiigiza jukwaani na kughani tenzi wako wengi, na wapo ambao hawajawahi kuigiza lakini wanajua kusimulia.

Ukimpata anayefaa, nenda nyumbani kwake kwanza bila kamera, umwamkie, uwaone wanawe, na umweleze kazi yote hadi malipo. Mkataba usomwe kwa sauti mbele ya mtu wake wa karibu. Ratiba ifuate mwili wake: sini ngumu zipigwe asubuhi baada ya chai, adhuhuri apumzike na aswali, dawa za presha au sukari zipewe saa yake hata kama mwanga unapotea, kiti kiwe tayari na choo kiwe karibu. Usimkaririshe kurasa. Mweleze hali ilivyo, mwache aseme kwa Kiswahili chake cha pwani, kisha urekebishe skripti kwa kufuata ulimi wake. Mzee aliyelelewa na Kimtang'ata akilazimishwa kusema kama msoma taarifa ya habari, uhai wa sini unaondoka. Mwite unavyomwita mzee yeyote wa mtaani, Babu au Bibi, na wasaidizi wote wafanye hivyo, hata pale kazi inapochelewa na watu wamechoka.

Kama riwaya yako inahusu ugonjwa wa kusahau, tofautisha ugonjwa huo na usahaulifu wa kawaida wa umri. Kaa na wanaomhudumia mgonjwa, uwaulize, nao watakueleza mambo ambayo filamu chache zinayaonesha: kwamba mambo ya ujanani mara nyingi hubaki muda mrefu kuliko ya jana, kwamba swali lilelile hurudi kwa sababu wasiwasi haujatulia, kwamba wengi hufadhaika zaidi jua linapozama, na kwamba aliyesahau jina la mwanawe anaweza bado kuisoma Fatiha au kuimba wimbo wa harusi bila kukosea. Mgonjwa mwenyewe asiwekwe mbele ya kamera ili asahau kwa niaba yako. Wala usiandike sini ya majirani kumwita mchawi kisha ukaiacha bila jibu, kwa sababu kuna wazee wanaoumizwa kwa maneno hayo.

Kupiga picha na kumaliza

Panga kazi nje ya masika, yaani Machi hadi Mei, isipokuwa kama hadithi inaitaka mvua. Kibali cha kutengeneza filamu kinatoka Bodi ya Filamu, na filamu iliyokamilika hurudi huko kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuoneshwa hadharani, kwa hiyo tenga muda huo katika ratiba. Magofu ya Tongoni yanahitaji ruhusa ya mamlaka ya mambo ya kale, stesheni na njia ya reli ruhusa ya Shirika la Reli, na shamba la mkonge ruhusa ya mwenye shamba. Omba zote kwa pamoja mapema, kwa sababu moja ikikosekana ratiba ya mzee wako inavurugika.

Uhariri wa kwanza ukikamilika, usiwaoneshe mafundi wenzako peke yao. Waalike wazee kadhaa, waandalie viti vyenye migongo, ongeza sauti kidogo kuliko ulivyozoea, na uwaangalie wao badala ya kuangalia skrini. Pale wanapoanza kunong'onezana wakisahihisha jambo, kwamba taa haikuwekwa hivyo au kipande hakikukunjwa namna ile, andika dakika yenyewe. Makosa ya vitu yarekebishe. Ukisikia wanabishana wao kwa wao kuhusu lililotokea mlangoni kwa mjane, mwambie mhariri asiiguse sini hiyo.